Vinundu kwenye Majani ya Mlingoti: Makosa Yaliyotugharimu Miaka Mitatu

Mche wenye mdudu hauonekani mgonjwa siku unapoununua. Una jozi nne au tano za majani ya kijani, shina limenyooka, udongo wa kwenye kiriba una unyevu. Lakini mayai yameshatagwa ndani ya mshipa mkuu wa jani lile changa la juu kabisa, na nyigu atakayetoka humo atakaa ndani kwa miezi. Siku utakayoona tundu la kutokea, mche uko shambani kwako, mashimo umeshayalipia, palizi ya kwanza umeshailipia, na mdudu amehamia kwa jirani.

Tunaandika haya sisi tuliopanda milingoti (mikaratusi) ya mirunda na kuni katika ukanda wa joto, chini kabisa ya miinuko ya Usambara, kwa ajili ya mtu anayejiandaa kununua miche ya masika yajayo. Kosa la kwanza tulilifanya kabla ya kushika jembe, na ndilo lililokuwa la gharama kuliko yote yaliyofuata.

Mdudu mwenyewe ni nyigu mweusi mwenye mng'ao wa bluu na kijani, urefu wake ni kama milimita 1.2, yaani anatosha juu ya kichwa cha pini. Wataalamu wanamwita Leptocybe invasa. Kwao ni Queensland, Australia, ambako hakuna aliyemjua kwa sababu kule ana maadui wake na hasumbui mtu. Alianza kuonekana nje ya kwao mwaka 2000, Mashariki ya Kati na pwani za Mediterania. Alipopewa jina la kisayansi mwaka 2004, tayari alikuwa ameonekana Kenya na Uganda tangu 2002. Tanzania aliripotiwa 2005, Afrika Kusini 2007, Brazil na Florida 2008. Mdudu wa milimita moja, mwenye uhai wa siku chache tu akishatoka kwenye kinundu, havuki bahari kwa mabawa yake. Alisafiri akiwa yai au funza ndani ya jani hai, mikononi mwa watu wanaohamisha miche na vipandikizi.

Jambo jingine linalomfanya awe hatari: karibu wote ni majike, na jike hutaga bila kupandwa. Kwa hiyo mche mmoja wenye kinundu kimoja unatosha kuanzisha kizazi. Tuliponunua miche yetu 1,800 kwa ekari 4, nafasi ya mita 3 kwa 3, hatukulijua hilo. Tulilinganisha bei tu. Kitalu kimoja kilikuwa na bei ndogo kuliko vingine, miche mirefu, yote ya kloni moja, yaani iliyotokana na mti mama mmoja kwa vipandikizi, iliyosifiwa kwa kukua haraka, na tukaona tumepata bahati.

Kabla ya kueleza shamba lilivyokwenda, ni vizuri kujua kwamba hadithi hii ni ya zamani hapa kwetu. Mwaka 1957 ugonjwa wa ukungu wa sindano za misindano, Dothistroma, ulionekana Tanganyika kwenye msindano wa aina ya radiata, mti uliokuwa ukitegemewa sana kwenye mashamba ya serikali. Sindano hupata mikanda myekundu, hukauka kuanzia matawi ya chini, mti hubaki na kishungi juu. New Zealand ilipofikiwa na ugonjwa huohuo miaka ya 1960, walikuwa na uwezo wa kurusha ndege zikanyunyizia dawa ya shaba, na hadi leo wanapanda radiata. Kenya na Tanzania hazikuweza gharama hiyo. Radiata ikaachwa, nguvu zikaelekezwa kwenye msindano wa patula na misaiprasi. Mwaka 1968 kidukari wa misindano mwenye nta nyeupe kama pamba akaingia Kenya, na aliletwa na vipandikizi vya misindano vilivyotoka Australia kwa ajili ya utafiti wa kuboresha mbegu. Kisha mwaka 1986 kidukari wa misaiprasi akaonekana Malawi, na kufikia 1990 alikuwa Kenya. Mate yake yana sumu kwa mti: tawi hukauka kuanzia ndani, karibu na shina, kwenda nje, na ua wa msaiprasi uliokuwa wa kijani hugeuka kahawia kama umeungua. Kule Malawi alishambulia hata mwerezi wa Mulanje, ambao ni mti wao wa taifa.

Ukiangalia mfululizo huo unaona kitu kinachouma. Tuliukimbia mti mmoja tukaegemea mwingine mmoja, na mdudu wa huo mwingine akatukuta tumeupanda kilima hadi kilima. Sisi tulirudia kosa lilelile kwenye ekari 4, kwa kloni moja. Kloni moja ni damu moja. Ikiwa mti mmoja unamvutia nyigu, yote inamvutia kwa kiwango kilekile.

Miche iliingia ardhini wiki ya pili ya Aprili. Kwa wiki sita za mwanzo tulikuwa na wasiwasi na mchwa tu, kwa sababu ukanda wa joto mchwa ndio wanaoua milingoti michanga. Dalili za nyigu zilikuwepo na hatukuzijua. Katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutaga, mahali yai lilipoingia huwa na kovu dogo kama gamba, na mshipa wa katikati wa jani hubadilika kutoka kijani kuwa waridi. Baadaye vinundu huvimba, kimoja pembeni ya kingine, vikang'aa kwa rangi ya waridi, upana wa milimita 2 hadi 3 kila kimoja. Vikikua hupoteza mng'ao, hugeuka wekundu uliofifia au kahawia, na mwishowe hupata matundu ya mviringo kama yaliyotobolewa na sindano. Huko Israel walikopima kwa makini, safari hii ya yai hadi nyigu ilichukua siku zipatazo 130 katika joto la kawaida la chumba. Penye joto zaidi ni fupi, na vizazi hupishana, kwa hiyo mti mmoja utaukuta na hatua zote kwa wakati mmoja.

Kinachofaa kuharibiwa ni kinundu kilichofunga. Chenye tundu hakina mtu ndani. Tuliwahi kulipa vibarua siku mbili kukata matawi yenye vinundu vilivyokauka, vya kahawia, kwa sababu ndivyo vilivyoonekana vibaya zaidi, tukaacha vile vya waridi vilivyoonekana vizuri. Kazi ilikuwa bure kabisa.

Mwezi wa tano tangu kupanda, ncha zilianza kujikunja na kuacha kurefuka. Hapa tulipoteza muda mwingine kwa kubahatisha. Mtu mmoja alisema ni ukame. Mwingine alisema ni upungufu wa boroni, na hilo halikuwa wazo la kijinga, kwa maana mlingoti ukikosa boroni ncha yake hufa wakati wa kiangazi na mti hutoa matawi mengi pembeni, ukawa kichaka. Mti ulioshambuliwa na nyigu nao huwa kichaka. Tofauti iko kwenye jani: upungufu wa boroni hauna vinundu. Geuza jani, pitisha ukucha kwenye mshipa wa katikati na kwenye kikonyo. Ukihisi uvimbe mgumu, kata kwa wembe. Ndani utakuta vyumba vidogo, na katika kila chumba funza mmoja mweupe asiye na miguu. Mtihani huo hauhitaji maabara, na ungetuokolea mifuko ya mbolea tuliyoimwaga bila sababu.

Kisha tukafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya, tukapulizia. Bomba la mgongoni la lita 20, dawa ya kugusa, kila baada ya wiki mbili, raundi sita. Tuseme wazi kwa nini haifanyi kazi, maana wauzaji wa dawa hawatakuambia. Funza yuko ndani ya tishu ya jani, dawa ya kugusa haimfikii. Nyigu mzima yuko nje siku tatu hadi sita hivi, na wanatoka kidogo kidogo kwa miezi, hivyo kila raundi unaua wachache waliotoka siku hiyo. Mlingoti unatoa majani mapya kila wiki, nayo hayana dawa. Mti ukishapita kimo cha mtu, bomba la mgongoni halifiki kwenye ncha, na ncha ndiko anakotaga. Juu ya hayo, mlingoti ni mti wa nyuki. Jirani mwenye mizinga alilalamika kabla sisi hatujaona nafuu yoyote, na alikuwa na haki. Tulipopiga hesabu mwishoni, dawa na posho za wapulizaji zilizidi bei ya miche yote tuliyonunua.

Mahali pekee ambapo dawa ina maana ni kitaluni, na iwe dawa inayofyonzwa na mizizi, kama imidakloprid, inayomwagiliwa kwenye kiriba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Hata hapo ni kinga ya muda, haigeuzi mche mbovu kuwa mzuri. Wapo wanaotegemea wavu wa kivuli. Wavu wa kawaida wa kitalu una matundu makubwa mno kwa mdudu wa milimita moja. Ukiweka wavu mwembamba wa kumzuia, hewa haipiti, na miche inaanza kuoza shingo kwa ukungu. Kitalu kilichotusaidia baadaye kilitumia njia rahisi zaidi: hakikuwa na mlingoti wowote mkubwa karibu, na kiliweka vibao vya plastiki vya njano vilivyopakwa grisi, usawa wa ncha za miche, vikikaguliwa kila Jumatatu kwa kioo cha kukuzia. Njano humvuta nyigu. Vibao hivyo havimalizi wadudu, vinakuambia tu kwamba wamefika.

Mwaka wa pili tulikaa chini tukakubali. Miti haikuwa imekufa. Hilo ndilo linalodanganya wengi, kwa sababu nyigu huyu haui mti mkubwa mara nyingi, anaudumaza tu. Tulikuwa na vichaka vya mita 2 mahali ambapo tulitarajia shina moja lililonyooka la mita 6 na zaidi. Hakuna mnunuzi wa mirunda anayenunua kichaka. Kukubali kulituuma sana, kwa maana kulikuwa na watu walioingiza akiba ya ada za watoto humo.

Kosa letu kubwa la pili lilifuata hapo. Tulikata yote usawa wa ardhi tukaamini machipukizi ya visiki yatakuja safi, kwa kuwa mizizi ilikuwa imeshika. Chipukizi la kisiki ni laini kuliko jani lolote jingine mtini, linatoka kwa wingi, na ndilo nyigu analolipenda kuliko yote. Tena matawi tuliyokata tuliyaacha yamelala katikati ya mistari ili yaoze yawe mbolea. Vinundu vilivyokwisha komaa viliendelea kutoa nyigu kutoka kwenye majani yaliyokatwa, sentimita chache kutoka kwenye machipukizi mapya. Ndani ya miezi miwili hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ukilazimika kukata, fanya hivi. Kata kwa sehemu, anza upande unakotokea upepo ili kazi iende ukiliacha eneo safi nyuma yako. Majani na ncha zote zenye vinundu ziingie kwenye mifuko myeusi ya plastiki siku hiyohiyo, mifuko ifungwe na kuachwa juani hadi majani yapikike, kisha yafukiwe nusu mita kwenda chini. Shina tupu halina nyigu, hilo unaweza kulitumia kwa kuni. Kisiki cha kloni inayoshambuliwa usikilee. Kipake dawa ya kuua visiki papo hapo baada ya kukata, kwa brashi, maana kikikauka juu dawa haiingii. Kama mti ni wa aina inayovumilia na unataka machipukizi, acha mawili au matatu kwa kisiki na uyakague kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Upandaji wa pili tuliupanga kwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya mvua. Tulitaka kupanda mwisho wa Machi, kwa hiyo miche tuliichukua mwisho wa Februari, ikiwa mifupi, sentimita 15 hivi. Tuliiweka wiki nne mahali petu wenyewe, mbali na mlingoti wowote, chini ya kivuli cha makuti. Wiki nne zinatosha kwa kovu na mshipa wa waridi kujitokeza kwenye mche uliotagwa kabla ya kuondoka kitaluni. Usichukue miche mirefu kwa ajili ya karantini hii. Mizizi itajizungusha ndani ya kiriba, na mti wa mizizi iliyojizungusha huanguka kwa upepo mwaka wa tatu.

Ukaguzi wa kitaluni sasa tunaufanya mara mbili, siku ya kuagiza na siku ya kuchukua. Hatuanzi na miche. Tunaanza na miti mama, ile inayokatwa vipandikizi, kwa sababu ikiwa na vinundu kila kundi litakalotoka hapo lina mashaka. Mwenye kitalu akikataa kuionyesha, tunaaga kwa heshima. Halafu tunazunguka nje ya uzio kutazama milingoti iliyo karibu. Ndipo tunachukua miche 100, pembeni, katikati, penye jua na penye kivuli, na kutazama jozi tatu za juu za majani, upande wa chini, na vikonyo vyake. Kinundu kimoja kati ya miche 100 kinatosha kuacha kundi zima. Watu huona huo ni ukali. Mkumbuke yule jike asiyehitaji dume.

Kuhusu aina, camaldulensis na tereticornis ndizo zinazopigwa sana ukanda wa joto, pamoja na baadhi ya machotara ya grandis na camaldulensis. Namba ya kloni lazima uijue, kwa maana machotara mawili ya wazazi walewale yanaweza kutofautiana kabisa, moja likajaa vinundu na jingine likabaki safi. Ule mlingoti wenye harufu ya ndimu, citriodora, haujatupa vinundu hata kimoja, ingawa unakua polepole zaidi. Tulipanda vyanzo vinne, kila kimoja kwenye kipande chake. Tusingeshauri kuchanganya mstari kwa mstari, kwa sababu wenye mbio huwafunika wenzao. Pembezoni kuelekea bahari tuliweka mivinje, inayouzika kwa boriti na haihusiani na nyigu huyu.

Wapo wanaouliza wanunue wapi wadudu rafiki. Hawauzwi. Kazi hiyo ni ya serikali na taasisi za utafiti, kwa sababu mdudu anayeletwa lazima apimwe kwanza ndani ya karantini kama hatageukia kitu kingine. Lakini ndiyo njia iliyowahi kuleta nafuu ya kudumu. Fukusi wa mlingoti alipoingia Afrika Kusini mwaka 1916, aliyemtuliza alikuwa nyigu mdogo sana anayekula mayai yake, aliyeletwa kutoka Australia mwaka 1926. Kidukari wa misaiprasi naye alipungua baada ya nyigu wa jamii ya Pauesia kuachiliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Kwa nyigu wa vinundu, Afrika Kusini iliachilia Selitrichodes neseri mwaka 2012. Hawa huingiza mayai yao ndani ya kinundu, kule ambako dawa haifiki. Mkulima anachoweza kufanya ni kutowaua. Tangu tulipoacha kupulizia, baadhi ya vinundu tunavyopasua tunakuta ndani yake mdudu mwingine, si funza tuliyemzoea.

Usidhani pia kwamba kila tatizo la mlingoti sasa ni nyigu. Majani yakigeuka rangi ya shaba na kuwa na madoa meusi madogo ya mayai yaliyokusanyika, huyo ni kunguni wa shaba, aliyeonekana Afrika Kusini 2003 na Kenya 2009, na yeye husafiri hata kwa kung'ang'ania magari. Vifuniko vyeupe vya koni juu ya majani, kama punje za sukari zilizoganda, ni kazi ya chawa-jani mwingine wa Australia. Mbao nazo hubeba wageni: ndiyo sababu kreti na paleti za kimataifa hutakiwa kutibiwa na kupigwa muhuri, mara nyingi kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30, na hapo muhuri huwa na herufi HT. Paleti isiyo na muhuri usiiweke karibu na shamba la miti.

Ukikuta vinundu mahali ambapo havijawahi kuonekana, piga picha kwanza, jani likiwa bado mtini, sehemu ya juu na ya chini. Kisha kata ncha moja ya sentimita 15, ifunge kwenye gazeti kavu, maana ndani ya plastiki peke yake itaoza kabla haijafika. Gazeti hilo liingie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Andika kwa penseli kijiji, tarehe, aina ya mti, umri wake na kitalu ulikonunua. Mpelekee afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania) iliyo karibu, na kopo lisifunguliwe njiani. Nyigu wanaweza kuwa wameshatoka humo ndani, na barabarani kuna milingoti kila upande.